Shajara ya mradi: mbao za gitaa dogo la safari, Tanga

Januari: vipimo

Gitaa linalokusudiwa ni la nyuzi sita za chuma, na urefu wa uzi, kutoka kizingiti cha kichwani hadi kwenye daraja, ni milimita 580 badala ya 648 zilizozoeleka kwenye magitaa makubwa. Mwenyewe ni mpwa wangu, anayesoma Dodoma na ambaye kwao ni Makorora hapa Tanga. Ombi lake lilikuwa fupi: "Mjomba, liwe la kupakata ndani ya basi, lisiingie kwenye buti." Kwa ombi hilo vipimo vya bodi, yaani tumbo la gitaa, vilipatikana bila mabishano: upana wa milimita 300 sehemu ya chini, kina cha milimita 80, na urefu wa jumla usiofika mita moja. Kilichobaki ni kuchagua mbao, na hiyo ndiyo kazi ninayoiandikia hapa.

Kufupisha uzi kunabadilisha hesabu yote ya mbao. Mvuto wa uzi unaokazwa hadi kufikia sauti ileile hupungua kwa kufuata mraba wa urefu wake; seti nyepesi ya nyuzi ambayo kwenye gitaa kubwa huvuta kwa jumla ya kilo 70 na ushei, hapa itavuta chini ya kilo 60, yaani takriban asilimia 80 ya mzigo wa kawaida. Uso wa gitaa hili, yaani ubao wa mbele unaobeba daraja, kwa hiyo, unaweza kurandwa ukawa mwembamba zaidi, na lazima uwe mwembamba, kwa sababu nyuzi zenye mvuto mdogo hazina nguvu ya kutikisa ubao mzito. Tahadhari ni kwamba ukakamavu wa ubao hufuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukishuka kutoka milimita 2.8 hadi 2.4 unabakiwa na asilimia 63 tu ya ukakamavu ulioanza nao. Ubao unaofaa, basi, ni ule ambao ni mwepesi na bado haulegei unaporandwa hadi unene huo.

Januari, bado: unyevu wa hewa

Kabla sijataja jina la mti wowote nililazimika kujiuliza gitaa hili litaishi wapi. Hapa Tanga unyevu wa hewa hucheza kwenye asilimia 75 hadi 80 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mbao iliyoachwa kivulini hutulia ikiwa na maji ya kiasi cha asilimia 14 hadi 15 ya uzito wake mkavu. Dodoma wakati wa kiangazi mbao hiyohiyo itashuka hadi asilimia 9 au 10. Mwanafunzi anayekwenda na kurudi atakuwa akilipitisha gitaa lake katika tofauti hiyo kila muhula.

Tofauti ya asilimia 5 inaweza kuonekana ndogo, lakini tuchukue sprusi ya Sitka, ambayo ndiyo mbao maarufu kuliko zote kwa uso wa gitaa. Kutoka ubichi hadi ukavu kamili hunywea asilimia 4.3 kwa upande wa kutoka kwenye kiini kuelekea gome, na asilimia 7.5 kwa upande wa kufuata mduara wa gogo. Hata ikiwa imepasuliwa vizuri kwa ule upande unaonywea kidogo, uso wenye upana wa milimita 300 utapungua milimita mbili na zaidi kutoka Tanga hadi Dodoma. Mihimili iliyogundishwa ndani kukingama nyuzi za mti hainywei kwa urefu wake, kwa hiyo uso unavutana nayo mpaka upate nafuu, na nafuu ya ubao mwembamba ni kupasuka.

Kutokana na hilo nimejiwekea masharti mawili. La kwanza ni kwamba kutulia kwa mbao kutapewa uzito sawa na mlio wake, na pale sifa hizo zitakapopingana kwenye mgongo na mbavu (mbao za pembeni), kutulia kutashinda. La pili ni kwamba uso na mgongo vitagundishwa mihimili vikiwa vimekaushwa hadi kiwango cha Dodoma, hata kama kazi inafanyika Tanga. Gitaa lililounganishwa likiwa kavu, likiletwa pwani, huvimba kidogo tumboni na nyuzi zikapanda. Hilo hurekebishwa kwa kupunguza kimo cha mfupa wa daraja. Lililounganishwa likiwa na unyevu na kupelekwa bara hupata ufa, na ufa haurekebishwi kirahisi hivyo.

Februari: uso

Nimekusanya mbao nne za kulinganisha. Ya kwanza ni kipande cha sprusi ya Sitka nilichobakiwa nacho kutoka kazi ya nyuma, ambacho nimekitumia kama kipimo. Ya pili ni saiprasi kutoka Shume, kwenye nyanda za juu za Lushoto, ambako serikali ina shamba la misindano na misaiprasi. Ya tatu ni sedrela, mti wa Marekani ya Kati na Kusini uliopandwa zamani katika milima yetu ya Usambara na sehemu za Morogoro, na ambao huko ulikotoka hutumiwa sana kwa shingo za magitaa ya nyuzi za nailoni. Ya nne ni mkangazi, ndugu wa mahogani.

Saiprasi sikuiokota kwa bahati. Mafundi wa Uhispania wametengeneza migongo na mbavu za magitaa ya flamenko kwa saiprasi ya Mediterania kwa vizazi vingi, kwa sababu ni nyepesi na hujibu haraka. Ile ya Shume si aina hiyohiyo. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Lakini ni jamaa wa karibu, ina nyuzi laini zisizo na matundu makubwa, na harufu yake unaporanda ni ileile kali na safi inayodumu mikononi hadi jioni. Miti ya shambani hupogolewa matawi ya chini ikiwa michanga, ndiyo maana gogo la kwanza kutoka ardhini linaweza kutoa mbao ndefu zisizo na vifundo. Mbao nyingi zinazoshuka Tanga, hata hivyo, zimepasuliwa kwa ajili ya kenchi na fremu, bila kujali mwelekeo wa pete za mti. Ilinibidi nipekue rundo zima kwenye ghala nikitazama ncha tu, nikitafuta zile ambazo pete zake zinasimama wima kutoka uso mmoja wa ubao hadi mwingine.

Ubao wenye pete wima bado unaweza kuwa na nyuzi zinazopanda na kushuka ndani kwa ndani. Kwa jicho huwezi kuliona hilo baada ya msumeno kupita. Nilichofanya ni kuweka patasi pana kwenye ncha ya kila ubao, pembeni kabisa, na kuigonga ili kipande chembamba kipasuke chenyewe badala ya kukatwa. Mti ukipasuka hufuata nyuzi zake. Kwenye ubao mmoja mzuri wa kutazama, mpasuko ulianza pembeni na kabla ya kufika nusu mita ulikuwa umekwisha kuzama kwa upana wa kidole, huo nimeurudisha. Kwenye ubao niliouchagua mpasuko ulikwenda sambamba na ukingo mpaka mwisho, na kipande kilichobanduka kilikuwa na unene uleule kutoka ncha hadi ncha. Mihimili ya ndani itatoka kwenye ubao huohuo.

Kisha nikaranda fito za kupimia, kila moja yenye urefu wa milimita 400, upana wa 40 na unene wa 4, na kuzipima kwa mizani ya vito. Kila ufito niliuning'iniza kwa vitanzi viwili vya uzi wa kushonea, kila kitanzi kikiwa umbali wa asilimia 22 ya urefu kutoka ncha yake, kwa kuwa hizo ndizo sehemu mbili zinazotulia wakati kwingine kote kunatikisika. Ukigonga katikati kwa ncha ya kidole, ufito unalia sauti moja, na programu ya simu inakuonyesha ni hezi ngapi, yaani mitikisiko mingapi kwa sekunde. Kwa fito za kipimo kimoja, mlio wa juu zaidi maana yake sauti inasafiri kwa kasi zaidi ndani ya mti. Ukigawa kasi hiyo kwa msongamano wa mbao unapata namba inayoonyesha jinsi mti ule unavyoweza kugeuza mtikisiko kuwa sauti ya kusikika.

Sprusi ilikuwa na gramu 26 na nusu na ililia kwenye hezi 133. Saiprasi ilikuwa na gramu 29 na nusu, ikalia kwenye hezi 114. Sedrela ilikuwa na uzito karibu sawa na saiprasi, lakini ililia kwenye 109, na mlio wake ulizimika upesi. Mkangazi ulikuwa na gramu 35 na ukalia kwenye 107. Kwa hesabu ya kasi kugawanywa kwa msongamano, saiprasi inapata robo tatu na kidogo ya alama za sprusi, na mkangazi unapata asilimia 60 hivi.

Sprusi, kwa hiyo, imeshinda kwa namba, na sitaki msomaji aamini vinginevyo. Hata hivyo nimechagua saiprasi ya Shume kwa uso wa gitaa hili, na sababu zangu ni hizi. Fito hizohizo nilizihamisha kutoka sandukuni penye hewa kavu hadi kibarazani na kuzipima upana kwa kalipa kila mara. Ilikuwa wazi kwamba saiprasi ilivimba na kunywea kidogo kuliko sprusi. Kwenye gitaa linaloishi kati ya hali mbili za hewa, jambo hilo lina thamani kubwa. Pia uso ni mdogo na mvuto ni wa chini, kwa hiyo naweza kuiranda saiprasi hadi milimita 2.4 na kuirudishia sehemu ya ukakamavu kwa mihimili myembamba na mirefu kwa kimo, ambayo huongeza nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Na uso huu ukipata ajali nikiwa hai, naweza kupanda gari hadi Lushoto nikaleta ubao wa ndugu yake.

Mkangazi kwa uso ungetoa sauti ya joto, yenye kina na isiyo na makali, na wapo wanaoupenda hivyo. Katika bodi lenye hewa kidogo kama hili, ambalo besi yake tayari ni haba, naona ungelifanya lisikike kama linaimba likiwa limefunikwa blanketi.

Machi: mgongo na mbavu

Hapa ushindani ulikuwa wa mninga, msaji na mfenesi.

Mfenesi niliuingiza kwa heshima. Huko India Kusini vina, ile ala kubwa ya nyuzi, huchongwa kwa mti huu, na hapa kwetu mifenesi imejaa Muheza na Amani. Mbao yake ni ya manjano ikiwa mbichi na hugeuka kahawia kwa miaka. Tatizo ni kuipata ikiwa kavu, kwani watu hukata mfenesi pale unapozeeka au unapoangukia nyumba, na mbao zake huuzwa zikiwa bado na maji. Nimenunua kipande, nimekiandika tarehe na kukiweka juu ya dari kwa ajili ya gitaa lingine.

Msaji una shamba lake karibu nasi, Longuza, wilayani Muheza. Hunywea kidogo, asilimia 2.6 kwa upande wa kuelekea gome na 5.3 kwa upande wa mduara, na hauliwi na mchwa kirahisi. Ila una mafuta yanayoikataa gundi usipoufuta kwa asetoni muda mfupi kabla ya kugundisha, na una chembe za silika zinazomaliza makali ya randa. Hayo yote yanavumilika. Kilichoniamulia ni mazungumzo na seremala mmoja wa Ngamiani, mtu mzima aliyetengeneza vitanda na makabati tangu ujana wake, ambaye baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimwonyesha mchoro na kumweleza safari za Dodoma. Alishika kipande cha mninga, akakigeuza na kusema: "Mwanangu, mninga haugombani na hewa. Droo niliyoifunga kwa mninga wakati wa kaskazi hufunguka vilevile wakati wa masika."

Anachokisema kinathibitika. Mninga ni miongoni mwa mbao zinazonywea kidogo sana Afrika nzima, na msongamano wake ni wa kadiri, kilo 600 na kitu kwa mita ya ujazo, karibu sawa na msaji. Unakunjika kwenye bomba la moto bila kuvunjika iwapo mbavu zimerandwa hadi milimita 2 na nyuzi zake zimenyooka. Wa kwetu hutoka zaidi kwenye miombo ya magharibi, Tabora na Katavi. Nilichukua masalia ya ubao wa kichwani mwa kitanda, yaliyokaa kwenye karakana ya mzee yule kwa miaka, nikapata vipande viwili vya mgongo vinavyofunguka kama kurasa za kitabu, rangi ya asali iliyoiva ikiwa na michirizi ya hudhurungi inayokutana katikati. Vumbi la mninga huwasha kifua na kwa wengine huleta pumu, hivyo kazi yote ya msasa nimeifanya nje nikiwa na barakoa.

Machi, mwishoni: shingo, ubao wa vidole na daraja

Shingo ni mkangazi. Sina mengi ya kusema juu ya uamuzi huo: ni mwepesi, unachongeka, na umepasuliwa vizuri. Nimeukata kwa urefu, nikaugeuza upande mmoja na kuugundisha tena, ili mvutano wa ndani wa upande mmoja upingwe na wa upande mwingine.

Ubao wa vidole ni mpingo, na hapa ndipo kila anayepita karakanani huniuliza kwa nini sikuutumia mti huo kwa gitaa zima. Naupenda mpingo. Ndio mti wa klarineti na zumari za okestra duniani, na vijiji vya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha usimamizi bora wa misitu, kwa misitu yao ya asili wanayoisimamia wenyewe, jambo lililowapa wenye misitu bei ya haki. Lakini mita moja ya ujazo ya mpingo ina uzito wa kilo 1,200 na zaidi, huzama majini. Miti yake hukua polepole, shina ni jembamba na limejipinda, na kupata vipande vya mgongo visivyo na nyufa ni kutafuta gogo la nadra ili kutengeneza gitaa lisilobebeka. Kwenye ubao wa vidole, ambako nyuzi za chuma zinasugua kila siku, ugumu wake una kazi. Nimeuranda hadi milimita 5 tu, uzito wake ni gramu 120 hivi, na shingo bado haiangushi kichwa gitaa likiwekwa pajani.

Daraja ni jambo lingine, kwa sababu linakaa juu ya uso wenyewe na kila gramu yake ni mzigo ambao nyuzi lazima ziutikise. Kwa ukubwa nilioupanga, daraja la mpingo lingekaribia gramu 38, na la mninga gramu 20, ila mninga ni laini kwa mashimo ya pini zinazoshikilia nyuzi. Nimechagua mkongo, ambao wengine huuita mbambakofi, mti wa milango ya nakshi ya pwani yetu: daraja la gramu 25, gumu vya kutosha, lililokatwa kutoka masalia ya fremu ya mlango iliyokaa ukutani miaka mingi na kumaliza kunywea kwake zamani.

Aprili: hati, na sanduku la kukaushia

Mpwa wangu ana ndugu Mombasa na atavuka Horohoro na gitaa hili, kwa hiyo nimehakikisha habari za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Jamii yote ya mpingo imo kwenye Kiambatisho cha II, orodha ya vinavyohitaji kibali kuvuka mpaka, tangu Januari 2017, lakini tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa kwenye sharti la kibali. Mkutano wa Panama wa Novemba 2022 uliongeza kwenye kiambatisho hicho mikangazi, mikongo na mininga ya Afrika, na sharti lake linahusu magogo, mbao zilizopasuliwa, vinia, plaiwudi na mbao zilizochakatwa. Gitaa lililokamilika halimo, ila fundi anayetaka kumtumia mwenzake wa nje vipande vya mgongo ajue kwamba anahitaji kibali. Risiti za saiprasi na mpingo, pamoja na nakala za hati za TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) alizokuwa nazo muuzaji, nimezifunga kwenye bahasha itakayokaa ndani ya mkoba wa gitaa.

Masika yameanza na kipima unyevu cha karakanani kinasoma juu ya asilimia 80. Uso, mgongo na mihimili vimo ndani ya sanduku la plaiwudi lenye balbu ya wati 40 chini na matundu ya hewa juu, na humo kipimo kimeshuka hadi 48. Sitegemei kipima unyevu peke yake. Nilikata kipande kidogo cha saiprasi kutoka ubao uleule, nikakipima, nikakikausha kwenye oveni kwa nyuzijoto 103 mpaka uzito wake ukakoma kupungua, na tofauti ikaniambia ubao ulikuwa na maji ya asilimia 14 ulipoingia. Kwa hesabu hiyo najua uso wote unapaswa kufikia uzito gani ukiwa na asilimia 9, na kila asubuhi naupima. Umebakiza gramu chache. Ukifika, mihimili itagundishwa humo humo sandukuni, mlango ukiwa umefungwa kadiri klempu zitakavyoruhusu, na mgongo utafuata kabla bodi halijafungwa.